Kutia Milango ya Kuteleza kwenye Makabati ya Jiko Dogo

Majiko ya nyumba nyingi za kupanga hapa Mombasa, kuanzia Majengo na Tudor hadi ng'ambo ya Likoni, ni vyumba vyembamba ambamo watu wawili hawapishani bila mmoja wao kugeuka ubavu. Chukua jiko lenye upana wa sentimita 150. Kabati la chini likishachukua sentimita 60, nafasi ya kusimama inabaki sentimita 90, na mlango wa bawaba wenye upana wa sentimita 50 ukifunguliwa hubakiza 40 tu, hivyo aliyekaa juu ya mbuzi akikuna nazi hulazimika kuinuka kila mara mwenzake anapotaka kutoa sufuria. Mlango wa kuteleza, ambao mafundi wengi huuita slaidingi, hauji mbele hata kidogo, kwa sababu husukumwa kando ukajificha nyuma ya mwenzake. Maelezo yafuatayo yanahusu milango miwili ya mbao inayopishana juu ya reli mbili, ama kwenye kabati jipya, ama kwenye kabati la zamani lililong'olewa bawaba, ama kwenye uwazi ulio chini ya slebu ya zege iliyopigwa vigae.

Utakachopoteza

Ni vyema kuyajua mapungufu ya milango hii kabla ya kununua hata ubao mmoja. La kwanza ni kwamba hutaweza kulifungua kabati lote kwa wakati mmoja. Utafungua nusu ya kushoto au nusu ya kulia. Kabati lenye uwazi wa sentimita 100 litakupa nafasi ya kupitisha vitu ya sentimita 48 na ushei, na sinia la pilau lenye kipenyo cha sentimita 50 halitapita likiwa limelazwa. Sinia la namna hiyo huingizwa likiwa limesimamishwa wima, kwa hiyo nafasi yake lazima ipangwe mapema na isikatizwe na rafu.

La pili ni kina. Milango miwili ya unene wa milimita 12, pamoja na kingo za reli zake, hula takriban milimita 46 za mbele ya kabati. Kabati la juu lenye kina cha sentimita 30, likishatolewa hizo na unene wa ubao wa mgongoni, hubaki na chini ya sentimita 25, na sahani ya wali yenye kipenyo cha sentimita 27 haitakaa ndani yake. Hapo una njia mbili: lijenge kabati la juu kwa kina cha sentimita 35, au tumia milango myembamba ya plaiwudi ya milimita 6 ama ya kioo kwenye reli nyembamba za alumini.

Droo zilizo nyuma ya milango hii mimi huzikwepa. Zinawezekana, lakini kila droo lazima iwe nyembamba kuliko uwazi wa mlango mmoja, na mtu akiivuta mlango ukiwa haujafika mwisho, hugonga ukingo na kuuchuna. Aidha, milango inayopishana huacha mwanya katikati, na mende hahitaji mwanya mkubwa. Unga, sukari na mchele vitahitaji mikebe yenye vifuniko hata kabati likiwa limefungwa.

Mbao na vyuma vinavyovumilia hewa ya pwani

Milango yangu ya kwanza niliikata mwezi wa Februari, wakati wa kaskazi, kwa ubao wa MDF, yaani wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, uliokuwa umepakwa rangi uso mmoja tu. Iliteleza vizuri hata nikajisifu. Ilipofika Mei, mwezi ambao kwa kawaida ndio wenye mvua nyingi kuliko yote hapa Mombasa, kingo za chini zilikuwa zimevimba na kunasa ndani ya mifuo, yaani mifereji ya reli ambamo milango huteleza, na mlango mmoja nililazimika kuutoa kwa patasi. MDF ikinywa maji huvimba zaidi kwa unene, na unene ndio hasa kipimo ambacho mfuo wa reli hauwezi kusamehe. Ubao wa chembechembe zilizogandamizwa una udhaifu huohuo, na ukishavimba haurudi kuwa kama ulivyokuwa.

Kwa hiyo kwa milango ninapendekeza plaiwudi ya marini, ile inayostahimili maji, ya milimita 12, na kwa kiunzi cha kabati plaiwudi ya milimita 18, ambayo wauzaji huiita ya robo tatu inchi. Ubao mzima wa nane kwa nne una milimita 2440 kwa 1220, na unatosha milango ya kabati zaidi ya moja. Ukipendelea mbao halisi, hakikisha nyuzi za mbao zinakwenda juu na chini, kwa kuwa mbao hutanuka na kusinyaa kukatiza nyuzi lakini karibu haibadiliki kufuata nyuzi. Kwa mpango huo kimo cha mlango hubaki vilevile kaskazi na kusi, na mabadiliko ya upana humezwa na sehemu ambayo milango inapishana.

Ukishanunua ubao, ulete nyumbani na uuweke ndani ya jiko kwa muda wa siku tatu hadi wiki moja kabla ya kuukata, ili uzoee hewa utakamoishi. Usiuegemeze kwa pembe moja, maana utapinda. Ulaze juu ya vipande vitatu vya mbao vilivyolingana.

Skurubu za chuma cha kawaida zitaota kutu hapa, hasa katika nyumba zilizo karibu na bahari, na kutu ikishaanza rangi ya mlango hubabuka kwa madoa ya kahawia. Tumia za stenlesi au za shaba. Daraja la stenlesi linaloandikwa 316 linastahimili chumvi kuliko lile la 304, ingawa ndani ya nyumba la 304 linatosha. Kama reli zako ni za alumini, usizifunge kwa skurubu za chuma cheusi, kwa sababu metali hizo mbili zikigusana katika hewa ya chumvi alumini huanza kuliwa na kutoa unga mweupe. Magurudumu nayo yawe ya nailoni.

Kiunzi kinyooke kwanza

Watu wengi huhangaika na mlango ilhali kosa liko kwenye sanduku. Mlango wa bawaba unaweza kurekebishwa kwa kukaza na kulegeza skurubu, lakini wa kuteleza hufuata reli, na reli hufuata kiunzi. Kiunzi kikipinda kwa milimita 4, mlango nao utaacha mwanya wa milimita 4 pembeni na hakuna skurubu ya kuuondoa.

Pima kutoka pembe ya juu kushoto hadi pembe ya chini kulia, kisha pembe nyingine mbili. Vipimo hivyo viwili vikilingana, uwazi umenyooka. Vikitofautiana kwa zaidi ya milimita 2, legeza kiunzi, kisukume upande wa kipimo kirefu, na ukikaze upya. Kisha weka pimamaji juu ya ubao wa chini, kwa urefu na kwa kina. Ubao wa chini ukiinama upande mmoja, mlango mwepesi utakuwa unajifungua wenyewe usiku, jambo ambalo limewahi kumfanya bibi mmoja wa jirani asome Ayatul Kursiy jikoni.

Katika nyumba za Mji wa Kale zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, usiutumie ukuta kama ubavu wa kabati. Kuta hizo ni nene na nzuri, na zidaka zake ni hifadhi ambayo hakuna kabati linaloishinda, lakini ni nadra kuukuta ukuta wake ukiwa wima kutoka sakafuni hadi darini. Jenga kiunzi kamili chenye mbavu zake, kisimamishe wima, kisha ufiche mwanya uliobaki kwa kipande cha ubao kilichorandwa kufuata umbo la ukuta. Unapotoboa mawe ya matumbawe ili kufunga kabati la juu, zima mpigo wa nyundo wa keekee ya umeme, kwa sababu jiwe ni laini na tundu hupanuka hadi fisha, kile kibomba cha plastiki cha kushikia skurubu, ikakosa kushika.

Palipo na slebu ya zege, tengeneza fremu ya mbao ya kuingia ndani ya uwazi, uitie kabari mpaka inyooke, na ndipo uifunge kwenye mawe. Usijaribu kuzifunga reli moja kwa moja chini ya slebu, kwani zege la chini ya slebu mara nyingi lina mawimbi. Sakafu zetu huoshwa kwa maji mengi, kwa hiyo ubao wa chini uinuliwe angalau sentimita 10 kutoka chini.

Kama ni kabati la zamani, ng'oa bawaba, ziba matundu kwa gundi ya mbao iliyochanganywa na vumbi la mbao, na usisahau rafu. Rafu za kabati la bawaba hufika mpaka mbele kabisa, na zitazuia mlango wa nyuma. Zitoe, zikate milimita 50 upande wa mbele, na uzirudishe. Ukuta wa katikati unaogawa kabati nao ukatwe vivyo hivyo, lakini usiuondoe, maana ndio unaobeba ubao wa juu usilegee katikati na kuukandamiza mlango.

Reli na mifuo yake

Reli nzuri ya mbao hutengenezwa kwa mti mgumu usiolika haraka, kama vile mbambakofi au mvule, na mabaki kutoka karakana ya mafundi wa milango yanatosha. Kila reli iwe na upana wa milimita 46 na unene wa milimita 20, ikiwa na mifuo miwili ya upana wa milimita 14, ukingo wa milimita 6 mbele, mwingine wa milimita 6 katikati na wa tatu wa milimita 6 nyuma. Mlango wa milimita 12 ukishapakwa rangi utakuwa na nafasi ya kutosha ndani ya mfuo huo bila kuchezacheza.

Siri ya kazi nzima imo katika kina cha mifuo. Mfuo wa reli ya chini uwe na kina cha milimita 5, na wa reli ya juu milimita 12. Tofauti hiyo ndiyo inayokuwezesha kuuinua mlango ndani ya mfuo wa juu, kuusogeza mguu wake juu ya reli ya chini, na kuushusha. Mifuo ikiwa na kina sawa juu na chini, ama mlango hautaingia, ama ukiingia utadondoka mtu anapouinua kidogo kwa bahati mbaya.

Asiye na mashine ya kuchonga mifuo anaweza kuijenga reli badala ya kuichonga: atagundisha juu ya ubao bapa vipande vitatu vyembamba vya upana wa milimita 6, vyenye kimo cha milimita 5 kwa reli ya chini na 12 kwa reli ya juu. Ili nafasi kati ya vipande zilingane, tumia kipande cha plaiwudi ileile ya mlango kilichozungushiwa karatasi ngumu, ukisogeze polepole kadiri gundi inavyoshika. Nimeiona kazi ya namna hii ikidumu sawa na ya mashine.

Kwenye reli ya chini, kata pengo la milimita 20 katika kingo za mbele na katikati, upande mmoja wa mwisho. Mlango hautaligundua pengo hilo, lakini wewe utaweza kuzoa kwa brashi punje za mchele na chembe za sukari ambazo zisipotolewa huganda na kuziba njia.

Mlango ukizidi kilo 5, mifuo mitupu haifai tena. Mlango wa plaiwudi wa milimita 12 wenye upana wa sentimita 50 na kimo cha sentimita 60 hauzidi kilo 2 na nusu, kwa hiyo hauna shida; kioo cha milimita 6, kwa upande mwingine, kina uzito wa kilo 15 kwa kila mita moja ya mraba. Kwa milango mizito nunua seti ya reli za alumini zenye magurudumu, na kwa kabati la chini chagua zile zinazouning'iniza mlango kutoka juu, ili mchanga unaoingia na viatu usiwe chini ya magurudumu. Kioo kigumu cha usalama hakikatwi baada ya kupikwa, kwa hiyo vipimo vyake na tundu la kidole viamuliwe kabla ya kuagiza.

Vipimo na kukata

Chagua kipimo kimoja na ukishike. Muuzaji wa mbao atazungumza kwa futi na inchi, na muuza reli kwa milimita, na hapo ndipo makosa mengi yanapozaliwa. Zifunge reli zote mbili kwanza, zikiwa zimelingana wima mfuo kwa mfuo, ndipo upime milango. Usipime kutoka kwenye mchoro.

Pima kimo kati ya uso wa reli ya chini na uso wa reli ya juu katika sehemu tatu, kushoto, katikati na kulia, na uchukue kile kidogo kuliko vyote. Ongeza milimita 10. Kama kimo kidogo ni milimita 620, mlango utakuwa na kimo cha 630. Ukiinuliwa, utaingia juu milimita 10 huku mfuo una 12. Ukishushwa, utazama chini milimita 5 na juu utabaki umeshikwa kwa milimita 5 nyingine. Iwapo sehemu moja ya uwazi inazidi nyingine kwa zaidi ya milimita 3, rudi kwenye kiunzi.

Upana upimwe pia katika sehemu tatu, lakini hapa chukua kikubwa. Ongeza milimita 30 za kupishana, kisha gawanya kwa mbili. Uwazi wa milimita 1000 utahitaji milango miwili ya milimita 515 kila mmoja, na mlango mmoja ukifunguliwa wote utapata nafasi ya milimita 485. Kwa uwazi unaozidi sentimita 140 hivi, milango mitatu ni bora: wa katikati hukaa kwenye mfuo wa nyuma na miwili ya pembeni kwenye mfuo wa mbele. Hapo utaongeza milimita 60 na kugawanya kwa tatu.

Mwombe fundi mwenye msumeno wa meza akate milango yote kwa mpangilio mmoja wa msumeno, ili hata kama kuna kosa, liwe lilelile kwa yote. Lainisha kingo kwa msasa na uvunje kidogo makali ya pembe za chini, kwa kuwa pembe kali hukwaruza mfuo.

Vishikio na rangi

Kishikio kinachochomoza hakifai kwenye mlango wa nyuma, maana kitagonga mlango wa mbele. Chimba shimo la duara lenye kipenyo cha milimita 35 na kina cha milimita 7 au 8, bila kulipitisha upande wa pili, sentimita 4 kutoka ukingo ulio karibu na ubavu wa kabati. Hapo kidole kitaufikia kila mlango kabati likiwa limefungwa.

Paka rangi ya mafuta au vanishi pande zote mbili kwa idadi sawa ya mikono, yaani matabaka. Mlango uliopakwa uso mmoja hunywa unyevu kwa upande ulio wazi na kujikunja kama chapati, na mlango uliojikunja kwa milimita 5 tu utaugusa mwenzake. Kingo ndizo zinazokunywa zaidi, kwa hiyo zipewe mikono mitatu, ya kwanza ikiwa imepunguzwa makali ili ipenye. Ndani ya mifuo usipake rangi, ipake nta. Sugua mshumaa mkavu kwenye mfuo na kwenye ukingo wa chini wa mlango mpaka mbao ing'ae. Mafuta ya kupikia na grisi huteleza kwa siku chache tu, kisha hukusanya vumbi na unga mpaka mfuo ukawa kama sandarusi.

Kuitia milango

Anza na mlango wa nyuma. Ushike kwa mikono miwili, uinamishe juu yake kuelekea ndani, uingize kwenye mfuo wa nyuma wa reli ya juu, usukume mpaka juu kabisa, usogeze mguu wake juu ya mfuo wa nyuma wa chini, na ushushe taratibu. Usukume mara kadhaa mwisho hadi mwisho kabla ya kutia wa mbele. Kazi hii ni ya mtu mmoja kwa mlango wa mbao, na ya watu wawili kwa mlango wa kioo.

Mtungi wa gesi haufai kufungiwa ndani ya kabati hili kama lilivyo. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hutulia chini, kwa hiyo kama hakuna mahali pengine pa kuuweka, toboa matundu ya kupitisha hewa chini kabisa ya ubavu wa kabati, na upange mlango wa upande huo uwe ule wa mbele, unaofunguka bila kuhitaji kugusa mwenzake.

Mvua za masika zikija na mlango ukaanza kukwama, usiufuate na randa. Utoe, utazame ukingo wake kwenye mwanga, na utaona sehemu iliyong'aa kwa kusuguliwa. Isugue sehemu hiyo peke yake kwa msasa laini, iache ikauke kivulini, uipake rangi siku hiyohiyo kabla mbao iliyo wazi haijanywa unyevu, kisha urudie nta ya mshumaa kwenye mfuo na uurudishe mlango kuanzia ule wa nyuma.